Sakafu ya Mwalimu Kaari

Nyumbani kwa Mwalimu Kaari,
Juu ya mji wa Meru.
Jumatano, mwezi wa kumi na moja.

Kwako kaka Ngari,

Pokea salamu kutoka kwa mdogo wako, fundi mkuu wa sakafu za mbao hapa Meru mpaka atakapotokea wa kunishinda. Barua hii inakuja na Oscar akirudi Kiambere na makreti yake matupu ya samaki, kwa hivyo ikinuka usiseme ni mimi. Goti la mama likoje na hii mvua? Shemeji Ruguru hajambo? Na Njue mdogo, bado anatembea kama mlevi au ameshanyooka? Nasikia huko imenyesha vizuri na ndengu zimeota. Chunga mbuzi wa jirani, maana siko huko wa kuwafukuza halafu nisingiziwe kuwa nimewapiga mawe.

Mimi ni mzima. Nimekonda kidogo lakini sura bado ni ile, usijali. Najua unajiuliza kwa nini nakuandikia barua kama mzee wa zamani. Nimepiga simu yako mpaka yule mwanamke wa kusema mteja hapatikani ni kama ameanza kunionea huruma. Nikipiga ya Ruguru ananiambia uko shambani, au uko bwawani, au uko kanisani. Ngari, wewe kanisani siku ya Jumanne? Nikaona afadhali kalamu. Mwalimu wangu wa kidato cha pili, kidato nilichokaa muda mfupi kuliko mgeni asiyetakiwa, alisema mwandiko wangu ni kuku aliyekanyaga wino. Soma polepole.

Bado niko kwa Mwalimu Kaari. Sina haja ya kukueleza nyumba ile, kwa sababu wewe ndiye uliyenieleza mimi siku ya kwanza tulipofika: kwamba ilijengwa na watu wa misheni, kuta za mawe, na sakafu ya mbao haikulala chini kama zetu bali imebebwa na boriti juu ya nguzo fupi za mawe, hata mtu akipenda anaweza kutambaa chini yake kama paka. Mimi nilicheka nikakuuliza ni mzungu gani mvivu aliyeshindwa kujaza udongo. Ukanipiga kofi la kisogo. Kofi hilo nilistahili, na mengine ambayo hujanipiga bado.

Kwa vile uliondoka kwa haraka, acha nikupe habari ya siku ile sakafu ilipoanguka kama nilivyoipata kwa Mwalimu mwenyewe, maana wewe ulipata matusi tu. Ilikuwa zamu yake kupokea kikundi cha maombi. Akina mama kumi na wanne sebuleni, na wewe unawajua akina mama wa huku wakishikwa na wimbo, wanakanyaga kama wanakanyaga moto. Katika ubeti wa tatu sakafu ikalia, ikalegea, na Mwalimu akazama mpaka kiunoni. Birika la chai likamfuata. Ananiambia aliendelea kuimba mpaka ubeti ukaisha, kwa sababu wimbo wa Mungu haukatwi katikati, kisha ndipo akasema mguu umevunjika.

Mengine unayajua. Sisi tulikuwa Mikinduri tukipiga bati kwenye stoo ya miraa, mwanawe Murungi akatupigia simu, tukaja mbio, na akakusimamisha langoni mbele ya watu wote. Nakumbuka kila neno. Alisema hiyo ndiyo faida ya kuleta fundi kutoka kwa watu wa kuchoma makaa na kutafuna majani ya muguka, kwamba uliwawekea mbao mbichi, kwamba miaka miwili haijatimia na kazi yako imemzika mama yake nusu. Wewe ulisema pole tu, ukaomba uruhusiwe kuinama uangalie chini ya sakafu. Akakataa. Kufikia Jumapili habari ya fundi Ngari wa mbao mbichi ilikuwa imetembea makanisa yote, na wateja watatu wakakupigia kusema wamepata mtu mwingine. Miaka tisa ya jina lako Meru, ikaisha kwa wiki moja. Ulipofunga sanduku la vyombo uliniachia msumeno mfupi na ile randa kuukuu. Nikasema mimi nabaki, nitamtengenezea Mwalimu sakafu bure ili jina letu lisife. Uliniangalia muda mrefu. Sijui ulikuwa unawaza nini.

Basi ndiyo huu mwezi wa pili niko hapa peke yangu. Mwalimu yuko mjini kwa Murungi na mguu wake wa plasta. Mimi nalala lile jiko la nje. Asubuhi ukungu unashuka kutoka msituni unakaa mlangoni kama mdai, na jua linafika saa nne, likitaka. Nguo nikifua Jumatatu zinakauka Ijumaa, zikinuka uzee. Jirani wa juu ni mzee bubu na jirani wa chini ana mbwa. Nikienda dukani na kuongea Kimbeere changu watoto wanarudia kila neno nyuma yangu wakicheka, na nikijaribu Kimeru wanacheka zaidi, kwa hivyo naongea Kiswahili na muuza duka, naye ni mtu wa kujibu kwa kidole. Kuna siku nilihesabu nikakuta tangu asubuhi nimesema maneno manne, na mawili nilimwambia msumari.

Bado nasonga ugali wa watu wawili. Mkono ulishazoea, nikipunguza unga unatoka uji. Unaobaki nawapa kuku wa jirani, na sasa wakiniona wananikimbilia. Si haba, kuna wanaonipenda Meru.

Lakini kazi, kaka, njoo uone kazi. Nilianza kwa kung'oa zile mbao zako za juu, moja moja, bila kupasua hata ulimi mmoja wa kuunganishia. Mbao zenyewe ni nzima, nimezipanga ukumbini na vijiti katikati ili zipate hewa, kama ulivyonifundisha. Zilizooza ni boriti zilizozibeba. Ukizishika zinabomoka kama kiporo cha ugali, na chini zimefunikwa na kuvu nyeupe, nyuzi nyuzi, kama mtu ameanika sufi. Harufu ni ya viazi vilivyosahaulika gunia zima. Nilitambaa kwa tumbo kutoka ukuta wa mbele mpaka wa nyuma, mimi ninayeogopa nyoka kuliko polisi, nikagusa kila boriti kwa bisibisi. Kumi na tisa zilikuwa zimekwisha. Nimezitoa zote. Nimeweka za mti wa saiprasi, kavu, na kila mahali boriti inapokalia jiwe nimeweka kipande cha karatasi nyeusi ya lami, ili mbao isinywe maji ya jiwe. Gata la maji ya paa upande wa nyuma, lililokuwa linamwagia ukuta, nimelirekebisha. Nimechimba mtaro wa kupeleka maji bondeni. Ukiniona na jembe ungesema ni mtu mwingine.

Tena nimevumbua kipimo changu. Naacha kiberiti chini ya sakafu mchana kutwa, halafu natoa njiti na kuiwasha. Wiki za kwanza kichwa cha njiti kilikuwa kinakwanguka kama uji. Nikimaliza kiberiti kizima bila moto najua unyevu bado upo. Muuza duka wa kidole aliuliza kama nakula viberiti.

Vifaa nimechukua kwa Mohamud, yule wa duka la vifaa vya ujenzi karibu na soko. Aliniona tu akaanza: eti Ndwiga, yule kaka yako mkali yuko wapi, mbona ameniachia kivuli chake. Nikamweleza. Mohamud akaacha kupima misumari. Akasema yeye ndiye aliyekuuzia zile mbao za Mwalimu, na kwamba ulimrudishia tatu ukidai zina maji, wakabishana nusu siku mpaka akazibadilisha kwa hasira. Akasema mtu akimwambia Ngari aliweka mbao mbichi atamwonyesha mahali alipotupa zile tatu. Kisha akaniuliza, kama mbao zilikuwa kavu, ni nini basi kilichooza sakafu? Nilijifanya naangalia rangi za mikebe. Nikasema mvua ya Meru ni nyingi. Akasema mvua haikuanza mwaka jana.

Sasa sikia ya Murungi. Huyu alikuwa anakuja kila Jumamosi kuona kama mtoto wa Kiambere bado hajaiba mlango. Wiki tatu zilizopita alinikuta nyuma ya nyumba na patasi na nyundo natoboa matundu chini ya ukuta, karibu na ardhi. Akauliza nabomoa nini. Nikamwambia, kwa sauti ile yangu ya profesa, kwamba sakafu ya aina hii lazima hewa iingie upande mmoja na kutokea upande wa pili, vinginevyo jasho la ardhi linapanda kwenye mbao na kuzila. Natoboa matundu kumi na moja, nikasema, na kila moja nitaliwekea wavu wa kuanikia kahawa ili panya na nyoka wabaki nje. Alivutiwa kweli. Alichuchumaa akaweka mkono kwenye tundu, akahisi upepo, akatikisa kichwa. Akasema, kumbe ndicho kitu ndugu yako alichosahau.

Na mimi, Ngari, nikashika nyundo nikaendelea kugonga.

Jumamosi iliyofuata akaleta akina mama wa maombi waone. Walikuja na chapati na chai, wakanizunguka, wakanishika mashavu kama mtoto wa kipaimara. Murungi akawaonyesha matundu moja moja akieleza hewa kama yeye ndiye aliyeiumba. Mama mmoja mnene, ambaye wakati ule alikuwa wa kwanza kukuita mwizi wa mbao, alisema Mungu ni mwema, katika nyumba moja humpa mama mtoto mzembe na mtoto mwenye akili. Wote wakaitikia. Nilikula chapati nne.

Hapa nataka ukae chini. Kama umembeba mtoto mpe Ruguru.

Yale matundu sikuyatoboa, niliyazibua. Yalikuwepo tangu misheni, na aliyeyaziba ni mimi.

Unakumbuka wiki Njue alipozaliwa, ukakimbia nyumbani ukaniacha hapa peke yangu siku nne. Mwalimu alikuwa amekwenda Nkubu kwa binti yake kukimbia harufu ya vanishi. Uliniagiza nipake mikono miwili ya vanishi na nisiguse kitu kingine. Nilimaliza siku ya pili. Nikawa nazunguka nyumba nikijisifu, nikaona kwenye tundu moja la nyuma, kwenye nondo zake za kutu, gamba la nyoka linaning'inia, refu kama mkono. Ngari, wewe unajua mtoto wa Kiambere akiona tundu ukutani na gamba la nyoka anafanya nini. Tangu swila amuume mbwa wetu jikoni mama alitulea na ndoo ya udongo mkononi, kila tundu la ukutani lizibwe kabla ya jua kuzama, na mvivu alale nje. Sikufikiri hata kidogo. Nilikusanya mawe, nikachukua simiti iliyobaki, nikaziba lile, nikazunguka nikaziba mengine kumi. Nikapiga lipu laini, nikapaka chokaa, halafu nikarundika udongo wa bustani kwenye ukuta nikampandia Mwalimu maua, ili nisifiwe zaidi. Ilipendeza mpaka nikajionea wivu.

Nilitaka kukuonyesha uliporudi. Lakini ulirudi unaongea habari ya mtoto tu, vidole vyake, masikio yake kama ya baba, na kesho yake asubuhi tukaenda kazi nyingine. Nikasahau. Mwalimu alirudi akasema sakafu ya Ngari ina joto zuri, haipulizi miguu kama zamani, nami nikafurahi kimoyomoyo. Huko kwetu ukiziba tundu umeokoa nyumba. Sikujua kwamba huku ardhi inatoa maji mwaka mzima hata bila mvua, na kwamba wale wazungu waliyaacha kwa makusudi.

Nilijua siku ya kwanza nilipotambaa chini. Nilizima tochi ili nione mwanga unaingilia wapi. Hakuna mwanga. Nililala pale kwa tumbo kwenye giza la saa sita mchana na nikaelewa kila kitu, mpaka lile neno ulilomwomba Murungi langoni, uangalie tu. Ungeinama mara moja ungeona. Nikatoka nje, nikanawa, nikapika ugali. Siku hiyo ndiyo ningekwambia ukweli, kabla hujaacha kushika simu, maana wakati ule ulikuwa bado unashika. Tuliongea, hata. Ukaniuliza nimeona nini chini. Nikasema mbao zimeoza tu, kaka. Ukasema haya. Tangu siku hiyo hujashika tena, na mimi nadhani ulikubali moyoni kwamba kosa ni lako.

Kwa hivyo sio tu niliharibu. Nilikuacha ujilaumu miezi miwili, na nikapokea sifa juu yake.

Jumanne ya wiki iliyopita nilishuka mjini kwa miguu nikamwambia Mwalimu Kaari. Alikuwa kwenye kochi, mguu juu ya stuli. Hakunikatiza. Aliniuliza matundu yalikuwa mangapi, nikasema kumi na moja. Akauliza nani alinituma, nikasema hakuna. Akaomba aletewe daftari na kalamu, akaniambia niandike yote kama nilivyoyasema, pale pale, kwa Kiswahili cha kueleweka. Niliandika ukurasa mmoja na nusu. Alinisahihishia kwa kalamu nyekundu, Ngari, mimi mtu mzima mwenye ndevu. Herufi kubwa, nukta, kila kitu. Mwishoni akaandika pembeni: Nani alisingiziwa? Taja jina lake. Nikarudi nikaandika upya.

Jumapili baada ya ibada alinisimamisha mbele ya kile kikundi, yeye akiwa na magongo, akasema waliobeba ile habari ya kwanza wabebe na hii. Nikasoma. Sauti ilitoka, unanijua mimi na watu. Nilisema Ngari Njue hakuweka mbao mbichi, na nilitaja jina lako mara tano. Yule mama mnene aliuliza kama huyu ndiye aliyekula chapati nne, wengine wakacheka, halafu hakuna aliyecheka. Mama mwingine alianza kulia na sikujua kwa nini. Mohamud alisikia Jumatatu akaniambia sasa naweza kumwangalia machoni nikinunua misumari.

Murungi hakucheka. Amesema nikimaliza niondoke na asinione tena kwa lango lake, na hiyo naielewa. Lakini amesema pia sakafu haitafungwa mpaka fundi Ngari aje mwenyewe aikague chini na juu, na aseme kwa mdomo wake kwamba ni sawa. Alisema fundi Ngari. Ameniomba namba yako. Ikiingia namba ngeni inayoishia na nne sita, ni yeye, anataka kukuomba msamaha na hajui aanzie wapi. Mruhusu ahangaike kidogo halafu umsaidie.

Nimeacha mbao sita katikati ya sebule bila kuzipigilia. Ukisimama hapo unahisi upepo unapita miguuni, na jana njiti iliwaka kwa mara ya kwanza. Hakukuwa na mtu wa kumwonyesha. Nikaiangalia mpaka ikaniunguza kidole.

Sikuombi uniambie si neno, kwa sababu ni neno. Sitakuja nyumbani mpaka wewe useme nije, na kama utakuja huku ukague na usiongee na mimi, nitakaa jikoni mpaka umalize. Nitakuachia msumeno na randa juu ya boriti. Nimevinoa.

Msalimie mama, lakini usimsomee barua hii, atasema kosa ni lake kwa ajili ya ile ndoo. Msalimie Ruguru, mwambie uongo wa kanisani umemshinda, akae na kazi zake. Njue mdogo mbusu kwenye lile sikio la baba.

Oscar anarudi Meru na samaki Jumamosi. Kwenye bahasha nimekuwekea karatasi moja tupu, niliyoichana kwenye daftari la Mwalimu. Kama huna la kuniambia, mpe Oscar hiyo hiyo ikiwa tupu. Nitajua umenisoma mpaka mwisho.

Ni mimi mdogo wako,
Ndwiga Njue